Mpira Hauchezwi na Mtu Mmoja

(Mazungumzo ya redioni kwa madarasa ya watu wazima. Yamepigwa chapa ili wanafunzi wayasome tena baada ya kuyasikia. Someni polepole, kifungu kwa kifungu. Mwenye kusoma vizuri na amsaidie jirani yake.)

 

Katika somo lililopita tulijifunza kuandika barua ya kuomba kazi. Leo twende mbele hatua moja. Tuseme barua yako imejibiwa, na kazi umeipata. Umefika siku ya kwanza, umekuta watu kumi, au ishirini, au zaidi, ambao hukuzaliwa nao wala hukukua nao. Kila mmoja ana tabia yake, na lugha ya nyumbani kwake pengine si yako. Mtafanyaje kazi moja ninyi nyote? Hilo ndilo somo letu la leo, na mwalimu atakayetufundisha ni mchezo wa mpira.

Pengine mzee mmoja aliyekaa nyuma atasema, "Mimi nimekuja kujifunza kusoma, sikuja kucheza mpira." Subiri kidogo, mzee wangu. Hutaambiwa ukimbie. Utaambiwa utazame tu.

Twende kiwanjani

Tufikiri kwamba ni Jumapili jioni, nasi tumeingia katika Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma. Mji wetu una timu yake, Dodoma Jiji, ambayo ilipanda kuingia Ligi Kuu mwaka 2020. Watu wanapiga kelele, vumbi linaruka, watoto wamepanda mahali pa juu ili waone. Lakini leo usitazame ni timu gani inashinda. Tazama jambo moja tu: mchezaji mmoja anakaa na mpira kwa muda gani?

Tufanye hesabu. Mwalimu na aiandike ubaoni. Mchezo ni wa dakika 90. Wachezaji ni 22, na mpira ni mmoja. Ukigawa 90 kwa 22 unapata dakika nne na kitu kidogo. Hata kama mpira usingetoka nje kabisa, na hata kama wachezaji wote wangegawana sawasawa, fungu la kila mtu lingekuwa dakika nne tu. Na mpira kila mara huenda nje, au huwa hewani, au refa amesimamisha mchezo. Basi fungu lile la dakika nne hupungua tena.

Maana yake nini? Maana yake ni kwamba mchezaji hukaa dakika 86 na zaidi bila mpira. Je, dakika hizo zote amelala? Hapana. Anakimbia ili apate mahali pazuri pa kupokea. Anamfuata adui asipate nafasi. Anamwita mwenzake. Anarudi nyuma kuziba pengo lililoachwa na aliyekwenda mbele. Sehemu kubwa ya mchezo huchezwa na watu ambao wakati ule hakuna anayewatazama.

Kazi nayo ni vivyo hivyo. Siku ambayo bwana mkubwa amesimama mbele yako akikutazama ni chache. Siku nyingi hutazamwi. Utu wako kazini hujulikana katika zile dakika 86, siyo katika zile nne.

Kila mtu ana mahali pake

Sasa tuwatazame dada zetu wanaocheza netiboli. Timu ya netiboli ina wachezaji saba. Kila mmoja amevaa herufi kifuani na mgongoni, na herufi ile huonyesha sehemu ya kiwanja anayoruhusiwa kuingia. Akivuka mpaka wake, mpira hupewa timu ya pili. Wawili tu kati ya wale saba ndio wanaoruhusiwa kufunga. Tena, aliyedaka mpira hawezi kukimbia nao. Lazima autoe kabla sekunde tatu hazijapita.

Tafakarini sheria hiyo. Hata msichana awe na mbio kama swala, hawezi kuuchukua mpira peke yake tangu mwanzo wa kiwanja mpaka golini. Sheria yenyewe inamlazimisha kumtafuta mwenzake. Na yule anayelinda goli hafungi hata bao moja maisha yake yote, lakini hakuna asemaye kwamba timu ingeweza kucheza bila yeye.

Tazama na shamba la zabibu kule Hombolo wakati wa kuvuna. Kuna wakataji, wanaokata kishada bila kukiponda. Kuna wabebaji, wanaoyatoa matenga shambani na kuyaweka kivulini. Kuna anayepima na kuandika. Kuna dereva. Zabibu ikishakatwa haingoji. Mkataji akikata kwa uangalifu, kisha mbebaji akaacha tenga juani kwa sababu anapiga soga, kazi ya mkataji imepotea. Dereva akichelewa, kazi ya wote imepotea. Mnunuzi hataki kujua ni nani aliyefanya vizuri na nani aliyefanya vibaya. Yeye hutazama zabibu tu, akasema bei.

Basi jambo la kwanza tulilojifunza ni hili: jua mahali pako, na ujue ni nani anayekuja baada yako. Kila asubuhi jiulize, "Nani atapokea kazi yangu leo? Nimpe namna gani ili naye aweze kufanya yake?"

Toa kijiti vizuri

Mwaka 1972 michezo ya Olimpiki ilifanyika mjini Munich, Ujerumani. Vijana wanne wa Kenya, Charles Asati, Munyoro Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang, walishinda mbio za kupokezana kijiti, kila mmoja mita 400, wakaleta medali ya dhahabu Afrika ya Mashariki.

Katika mbio hizi kuna sheria ngumu. Kijiti lazima kitoke mkononi mwa mmoja na kuingia mkononi mwa mwingine ndani ya kipande cha njia chenye urefu wa mita 20. Kikitolewa nje ya kipande hicho, timu nzima huondolewa, hata ikiwa imefika ya kwanza. Kwa hiyo wakimbiaji wanne wenye mbio kuliko wote waweza kushindwa na wanne wenye mbio za wastani wanaojua kupokezana.

Tazama pia anavyofanya yule anayepokea. Katika mbio za mita 400 anageuza uso, anamtazama mwenzake anayekuja. Kwa nini? Kwa sababu ajua kwamba anayekuja amechoka. Mtu aliyechoka haonyoshi mkono vizuri. Basi yule aliye na nguvu ndiye anayepaswa kuwa na macho.

Sasa twende kijijini. Mwajua kwamba nchi yetu hii ya kati ina msimu mmoja tu wa mvua, tangu Desemba mpaka Aprili hivi, na pengine mvua yenyewe ni haba. Miezi mingine yote vijiji vingi hutegemea kisima kirefu na mashine ya kuvuta maji. Tuseme mashine ya kijiji chenu ina walinzi wawili, mmoja wa usiku na mmoja wa mchana. Usiku wa manane mashine inaanza kulia vibaya, kama kitu kinakwaruza ndani. Mlinzi wa usiku anaizima. Kunakucha. Amechoka, ana njaa, anataka kwenda zake. Anamkuta mwenzake mlangoni. "Umeamkaje?" "Nimeamka salama." "Kazi njema." Basi, amekwenda. Moyoni anasema, "Atasikia mwenyewe."

Mlinzi wa mchana anaiwasha. Saa nne mashine imekufa.

Je, walioumia ni hao wawili? Hapana. Mama mjamzito anatembea na ndoo kwenda kwenye korongo, kufukua mchanga kutafuta maji. Mtoto wa kike haendi shule, amepelekwa foleni ya maji kijiji cha pili. Ndama wanalia zizini. Fundi aitwe kutoka mjini, na fedha za kijiji zitoke. Na yote hayo yangezuiwa kwa maneno machache mlangoni: "Ndugu, mashine inakwaruza. Usiiwashe mpaka fundi aione."

Na hapa, ndugu zangu, ndipo kusoma na kuandika kwenu kunapokuwa na faida kubwa. Maneno ya mdomo husahaulika, tena mtu aliyechoka husahau zaidi. Wekeni daftari la zamu. Daftari moja la shule latosha, na kalamu iliyofungwa kwa uzi isipotee. Kila anayemaliza zamu aandike mambo matano: tarehe, saa, alichokiona, alichokifanya, na kilichobaki. Anayeingia asiguse kitu kabla hajasoma. Huhitaji elimu kubwa kuandika "Mashine inakwaruza." Wewe uliyeanza darasa mwaka huu tayari waweza kuliandika neno hilo, na neno hilo laweza kuokoa maji ya kijiji.

Hilo ndilo jambo la pili: toa kijiti vizuri, na anayepokea ageuke, atazame, aulize.

Sema unachokiona

Jambo la tatu ni gumu kuliko yote, nami nitalieleza kwa habari iliyonipata mwenyewe.

Nilipokuwa kijana nilifanya kibarua katika ujenzi wa nyumba moja pembeni ya mji huu. Kazi yangu ilikuwa kuleta maji. Siku hiyo tulikuwa tunamwaga zege la lenta, yaani ule ukanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha ili kubeba ukuta wa juu. Ninyi mafundi mwaujua msemo wa kazi ile: zege halilali. Likishachanganywa lazima limwagwe upesi, maana saruji ikianza kushika haimngoji mtu. Basi tulijipanga mstari. Wawili wanachanganya, mmoja anajaza karai, wengine wanapokezana mpaka juu kwa fundi.

Asubuhi mnyapara alituonyesha kipimo cha maji. Alisema, "Maji yakizidi, zege ni uji. Likikauka halina nguvu." Kisha akaondoka kwenda kununua misumari.

Mchana jua likawa kali. Wachanganyaji wakachoka, maana zege zito ni kazi kuligeuza kwa beleshi. Mmoja wao, mtu wa rika la baba yangu, akaniambia, "Mwanangu, ongeza ndoo." Nikaongeza. "Ongeza nyingine." Nikasita. Nikasema kwa sauti ndogo, "Mzee, mnyapara alisema kipimo." Akanijibu, "Wewe mleta maji, wajua nini habari za zege?" Watu wakacheka. Nikaongeza ndoo. Kazi ikawa nyepesi, tukamaliza mapema, tukaenda kunywa chai kwa furaha.

Zilipofunguliwa zile mbao baada ya siku kadhaa, lenta lilikuwa na nyufa. Ukilikwaruza kwa msumari lilimomonyoka kama udongo mkavu. Mwenye nyumba akakataa kulipa, na haki ilikuwa yake. Lenta likabomolewa. Saruji ikanunuliwa upya kwa fedha ambazo zingekuwa ujira wetu. Watu tisa tulirudi nyumbani mwisho wa juma mikono mitupu. Yule mzee alikuwa na watoto sita. Namshukuru Mungu kwamba ukuta ulikuwa haujajengwa juu yake, wala haukumwangukia mtu.

Miaka mingi nimejiuliza, kosa lilikuwa la nani? Mzee alikosa, alitaka wepesi. Mnyapara alikosa, hakumwachia mtu ulinzi wa kipimo. Lakini mimi nami nilikosa. Nilikuwa nimeona. Nilisema mara moja kwa sauti ya mbu, kisha nikanyamaza. Fundi aliyekuwa juu ya ukuta alikuwa hatua kumi tu kutoka kwangu. Sikumwita, kwa sababu niliona haya mbele ya mtu mzima, na kwa sababu nilichekwa.

Turudi kiwanjani. Mtazame golikipa. Yeye hasogei sana, lakini kinywa chake hakitulii. "Nyuma yako!" "Toka kushoto!" "Wangu huo!" Kwa nini yeye ndiye anayesema zaidi? Kwa sababu amesimama nyuma ya wote, nao wote wako mbele ya macho yake. Beki hana macho kisogoni. Adui akija nyuma yake, golikipa ndiye anayemwona. Je, beki hukasirika akiitwa? Hakasiriki, hata kama golikipa ni kijana kuliko yeye. Hugeuka upesi, akamshukuru baadaye.

Basi kumbukeni hili: anayeona ndiye mwenye wajibu wa kusema, hata akiwa mdogo kuliko wote. Mleta maji aliona maji. Mfagiaji huona mafuta yaliyomwagika sakafuni kabla meneja hajayaona. Karani mdogo huona tarakimu iliyokosewa.

Lakini yako maneno ya kusema na yako maneno ya kutukana. Sisi tumelelewa kuwaheshimu wakubwa, na malezi hayo ni mema. Hayatuzuii kusema, bali yatufundisha namna ya kusema. Mwendee mkubwa wako, mwamkie, kisha sema ulichokiona, siyo unavyomfikiria yeye: "Shikamoo, mzee. Samahani. Naona maji yamepita alama. Nimwite fundi aangalie?" Hapo hukumwita mtu mvivu wala mjinga. Umetaja alama na maji tu. Na asipokusikia, sema kwa mwingine mwenye madaraka. Huko si kuchongea. Kuchongea ni kusema ili mwenzio aumie. Huku ni kusema ili asiumie mtu.

Timu kubwa iliyoshindwa

Sasa tuiache lenta ya nyumba moja, tutazame kazi kubwa iliyofanyika katika nchi yetu hii ya kati. Wenyeji wa Kongwa wameisikia habari hii kwa baba na babu zao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Serikali yake ikakata shauri kulima karanga katika Afrika, na sehemu kubwa iwe Tanganyika. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Mpango wote ulikusudia zaidi ya ekari milioni tatu. Fedha zilikuwapo. Matrekta yaliletwa kwa meli. Watu wenye elimu walikuwapo, na vibarua kwa maelfu. Ungewatazama wamejipanga ungesema, "Hakuna timu duniani itakayowafunga hawa."

Lakini waliokata shauri walikuwa mbali, na walikuwa na haraka. Uchunguzi wa nchi ulifanywa kwa wiki chache tu. Kila mkulima wa Ugogo ajua kwamba mvua yetu mwaka huu yaweza kuja na mwaka ujao isije. Ajua pia kwamba udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama sakafu. Na karanga huzaa chini ya udongo, kwa hiyo kuzing'oa katika ardhi kavu ni taabu. Vichaka na mizizi vilivunja mashine. Matrekta mengi yalikuwa yamekwisha kutumika mahali pengine, yakaharibika, na vipuri havikupatikana upesi.

Tufanye hesabu ya pili. Mwaka wa kwanza walitumaini kuwa na ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Gawa: ni sehemu moja katika ishirini. Hata hivyo mpango uliendelea kwa miaka kadhaa, ukavunjwa Januari 1951. Fedha zilizopotea zilikuwa kiasi cha pauni milioni 36. Baadaye sehemu ya nchi ile ikawa malisho ya ng'ombe, kazi ambayo wenyeji wa pale waliifahamu tangu zamani.

Je, timu ile ilikosa nguvu? Haikukosa. Ilikosa mali? Haikukosa. Wenye kujua mvua na udongo hawakuwa ndio wenye kupanga, na wenye kupanga hawakuwa ndio wenye kuona. Idadi ya ekari iliandikwa kwanza, na swali la udongo likaulizwa nyuma. Ni kama mshambuliaji aliyejiziba masikio kwa pamba akakimbia mbele, wala hasikii golikipa akimwita. Nguvu zake zote zampeleka mahali pasipo na goli.

Ndugu zangu, lenta yetu na karanga za Kongwa ni kosa moja. Tofauti ni ukubwa wa hasara tu.

Nahodha na sifa

Kwa hiyo nina neno pia kwa ninyi mlio wakubwa wa kazi: wanyapara, wenyeviti wa vyama vya ushirika, wenye maduka, wakuu wa zamu. Nahodha wa timu hachezi mahali pa watu wote. Kazi yake ni kuhakikisha kila mtu anajua mahali pake, na kusikiliza. Mfanyakazi mdogo akikuletea habari mbaya, usimcheke wala usimfokee. Ukimfokea leo, kesho ataona moto na atanyamaza. Mwambie "Ahsante", hata kama amekosea. Kisha nenda ukatazame.

Neno la pili kwenu ni la sifa na malipo. Mwaka 1979 timu yetu ya taifa, Taifa Stars, ilikwenda Ndola, Zambia, ikatoka sare ya bao 1 kwa 1. Kwa sare hiyo ikaingia kwa mara ya kwanza katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, zilizochezwa Nigeria mwaka 1980. Bao la Ndola lilifungwa na Peter Tino, na jina lake lingali likitajwa mpaka leo. Anastahili kabisa. Ilichukua miaka 39 mpaka Taifa Stars kurudi katika fainali hizo, nchini Misri, mwaka 2019. Lakini sare haipatikani kwa bao peke yake. Wako waliozuia mabao mengine yasiingie. Wako waliokimbia dakika zote 90 bila kugusa mpira mara nyingi. Muulize mtu yeyote barabarani majina yao. Atataja mmoja au wawili, kisha atanyamaza.

Kazini usifanye hivyo. Kazi ikienda vizuri, wataje kwa majina aliyebeba, aliyepika, na aliyelinda usiku. Na kutaja peke yake hakutoshi. Mkubwa anayesema "Sisi sote ni timu moja" wakati wa jasho, kisha siku ya mshahara akajisahaulisha, huyo hana timu. Ana watu wanaongoja kuondoka. Pasi haitolewi kwa mtu anayejulikana kwamba harudishi.

Na timu ikifungwa bao, itazameni vizuri. Timu mbaya husimama ikilaumiana, huyu akimwonyesha yule kidole, na mara hufungwa bao la pili. Timu njema huuchukua mpira upesi, huurudisha katikati, ikaendelea. Lawama na mafunzo huja baadaye, mchezo ukiisha, wakiwa wamekaa pamoja. Fanyeni hivyo kazini. Kwanza zimeni moto, kisha ulizeni ni nani aliyeuwasha, na mulize ili usiwake tena.

Mwisho

Mtu mmoja ataniambia, "Lakini kazi si mchezo." Ni kweli. Mchezo huisha kwa dakika 90, na aliyefungwa huoga akaenda kulala. Kazi ni chakula cha watoto. Tena katika mchezo yupo refa mwenye filimbi, lakini kazini mara nyingi kosa linafanyika na hakuna filimbi inayolia. Ndiyo sababu nimewaambia jambo la tatu kwa urefu. Mahali pasipo na refa, filimbi ni mdomo wa yule aliyeona.

Basi tukumbuke yote matatu. Jua mahali pako na ujue anayekuja baada yako. Toa kijiti vizuri, kwa mdomo na kwa daftari. Sema unachokiona, mapema na kwa adabu, na mwenzako akisema, geuka umsikilize.

Yule mzee wa zege alikwisha fariki dunia. Kabla hajafa nilimtembelea, tukaikumbuka siku ile. Aliniambia, "Mwanangu, ungepiga kelele." Nikamwambia, "Nilikuogopa, mzee." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo nalo lilikuwa kosa langu."

Kwaherini, ndugu zangu. Tukutane katika somo lijalo.

Kazi ya darasa

Maneno ya kujifunza. Yasomeni kwa sauti, kisha kila mtu aandike moja katika sentensi yake mwenyewe.

Zamu: muda wa mtu kufanya kazi kabla ya mwenzake kumpokea.
Kipimo: kiasi kilichowekwa, kisichopaswa kuzidi wala kupungua.
Mnyapara: msimamizi wa vibarua.
Vipuri: vyuma vya kutengenezea mashine iliyoharibika.
Nahodha: kiongozi wa timu au wa chombo.

Maswali ya kuzungumza.

1. Katika kazi yako, nyumbani au mahali pa ajira, ni nani anayepokea kazi yako? Umewahi kumwuliza kama unampa vizuri?
2. Mleta maji alipaswa kufanya nini? Semeni maneno ambayo angeyatumia, mmoja awe kijana na mwingine awe mzee.
3. Mnyapara alipoondoka kwenda dukani, angemwachia nani kipimo, na kwa maneno gani?
4. Kama wewe ungekuwa mkulima wa Kongwa mwaka 1947, ungewaambia nini wenye matrekta? Ungemwambia nani kwanza?

Zoezi la kuandika. Andika ukurasa mmoja wa daftari la zamu la mashine ya maji. Huu hapa mfano:

Tarehe 3 Agosti. Saa 12 asubuhi. Nimesikia mashine inakwaruza tangu saa 8 usiku. Nimeizima. Fundi hajaitwa. Usiiwashe.

Hesabu. Timu ya netiboli ina wachezaji 7, na zinacheza timu mbili. Mchezo ni wa dakika 60. Kama wote wangegawana mpira sawasawa, kila mmoja angekaa nao kwa dakika ngapi? Je, dakika zilizobaki anafanya nini?